Ngazi kwanza, jua baadaye

Watu wakionyeshwa mchoro wa Claude Lorrain wa mwaka 1648, ule wa Malkia wa Sheba akiondoka bandarini, husifu jua kwanza. Ni haki yao. Jua limewekwa wazi mbele ya uso wa mtazamaji, juu kidogo ya maji, na mwanga wake unatambaa juu ya mawimbi mpaka ukingo wa chini wa picha. Ila anayetaka kujua kazi ilivyofanyika aliache jua kwa muda, atazame ngazi za mawe zilizo upande wa kulia. Zile ngazi ndizo zinazolifanya jua liwe mbali. Zifute kwa mawazo, na jua linabaki doa la manjano kwenye kitambaa.

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, zama zinazoitwa Baroki, walipenda sana kuweka majengo na mandhari ya asili katika picha moja: nguzo na mawingu, jumba na bahari, gofu na miti iliyootea juu yake. Mara nyingi tunaambiwa walifanya hivyo kwa ajili ya fahari. Fahari ilikuwepo, maana walionunua walikuwa makardinali na watawala. Lakini mimi nauona mpango huo kama mgawanyo wa kazi. Jengo linapima, asili inapokea kipimo. Jengo lina mistari iliyonyooka, pembe mraba na vipande vinavyolingana, kwa hiyo umbali wake unaweza kuhesabiwa. Wingu halina chochote kati ya hivyo. Mchoraji anayetaka wingu liaminike kuwa liko mbali inambidi akope hesabu kutoka kwenye ukuta.

Mchoro wenyewe una kimo cha sentimita 149 na upana wa sentimita 197. Uko National Gallery, London, tangu 1824, serikali ya Uingereza iliponunua picha 38 za mfanyabiashara John Julius Angerstein na kuzifanya msingi wa jumba hilo. Uliagizwa na Kardinali Camillo Pamphili, mtoto wa kaka yake Papa Innocent X. Pamphili akaacha ukardinali mwaka 1647 ili aoe, na kazi ikaishia kwa Mtawala wa Bouillon. Kulia kuna jumba lenye nguzo, na malkia mwenye joho la buluu anashuka ngazi kuelekea mashua itakayompeleka kwenye merikebu. Kushoto kuna nguzo kubwa za jengo lililochakaa, zimesimama gizani kwa sababu mwanga unatoka nyuma yake. Katikati ni maji, merikebu, mnara kwa mbali, kisha upeo wa bahari na jua.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza swali. Malkia wa Sheba ni wa upande wetu wa dunia: Biblia inamtaja katika Wafalme wa Kwanza sura ya 10, Qurani katika Sura An-Naml, na Waethiopia wanamwita Makeda na kumhesabu kuwa mama wa wafalme wao. Katika Biblia anafika kwa Sulemani na msafara wa ngamia wenye manukato na dhahabu. Bandari haitajwi. Tena majengo yote mle ni ya Kirumi. Mtu wa Yemen au wa Habeshi asingelitambua hata moja kuwa la kwao. Sidhani Claude alikuwa na nia mbaya. Alihitaji gati, maji matulivu na anga wazi, kwa kuwa hapo ndipo ufundi wake ulipofanya kazi vizuri, basi akamchukua malkia akampeleka bandarini. Kisa kilifuata ufundi. Ngamia jangwani wasingempa mstari hata mmoja wa kushika.

Ufundi huo aliupata kwa mtu aliyekuwa hodari wa majengo ya uongo. Claude Gellée, aliyeitwa Lorrain kwa jina la nchi ya kwao, alizaliwa karibu mwaka 1600, akaenda Roma akiwa kijana mdogo, na inasemekana alianza na kazi ya jikoni, akioka vitafunio. Kisha akaingia kwa Agostino Tassi. Tassi alikuwa mtaalamu wa kuchora nguzo, kuta na mapaa yasiyokuwepo juu ya dari za nyumba za wakubwa, mpaka aliyelala kitandani adhani dari limefunguka na anga liko wazi. Mwaka 1621 ni yeye aliyechora majengo katika dari la jumba la Ludovisi mjini Roma, ambapo mwenzake Guercino alichora mapambazuko yakipita angani juu ya gari la farasi. Mmoja kashika rula, mwingine kashika mawingu. Claude alijifunza kazi zote mbili.

Sasa hesabu yenyewe. Simama nusu mita kutoka kwenye dirisha la kioo, fumba jicho moja. Nguzo ya mita 2 iliyo mita 10 kutoka jichoni mwako itachukua sentimita 10 juu ya kioo. Ikiwa mita 20, itachukua sentimita 5. Ikiwa mita 40, sentimita 2 na nusu. Umbali ukiongezeka mara mbili, urefu unapungua nusu, basi. Picha ya namna hii ni kioo hicho kilichogeuzwa kuwa turubai, na hesabu haijali kama mchoraji ana kipaji au hana. Msingi wake ni wa zamani kuliko wachoraji wa Italia. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu ukaingia jichoni kwa njia iliyonyooka. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kwa ajili ya wachoraji jinsi ya kuikata miale hiyo ya mwanga kwa turubai.

Kanuni ya pili ni ya usawa wa jicho. Mistari yote inayokwenda mbali huku ikiwa sambamba huonekana ikielekea nukta moja. Ile iliyo juu ya jicho lako inashuka, iliyo chini ya jicho inapanda, na kama ardhi ni tambarare nukta ya kukutania iko kwenye upeo. Upeo wa bahari daima uko usawa wa macho ya anayetazama. Ndiyo maana bandari ni zawadi kwa mchoraji: maji yanamchorea mstari wa macho yake bure. Katika picha ya Claude, kingo za ngazi na pambo la juu la jumba zinakimbilia kwenye upeo, upande uleule jua lilipo. Jicho linateremka na mistari hiyo likidhani linafuata mawe, kumbe linapelekwa kwenye mwanga. Ukitaka kumkamata mchoraji mzembe, tazama vichwa. Watu wazima waliosimama kwenye gati moja na wewe, wawe mbali au karibu, vichwa vyao viwe karibu na mstari wa upeo. Miguu ndiyo inayopanda kadiri wanavyokuwa mbali. Wengi huteleza hapo.

Iko mbinu nyingine ambayo mwanafunzi yeyote mwenye rula anaweza kuijaribu leo. Tuseme unachora safu ya nguzo zilizoachana kwa nafasi sawa, na umekwisha kuchora mbili za kwanza. Ya tatu utaiweka wapi? Usikisie. Chora mstari unaounganisha vilele na mwingine unaounganisha vitako, yote miwili ikielekea nukta ya kukutania. Gawa nguzo ya pili katikati. Kutoka kilele cha nguzo ya kwanza piga mstari upite kwenye hiyo katikati mpaka uguse mstari wa vitako. Hapo ndipo kitako cha nguzo ya tatu. Endelea hivyo mpaka nguzo zimezwe na umbali. Inafaa kwa nguzo za jumba la Roma na inafaa kwa nguzo za umeme zinazofuata barabara ya Kakonko, mkoani Kigoma. Baadhi ya michoro ya maandalizi ya Claude bado ina mistari ya rula iliyotoka pembe hadi pembe na iliyogawa karatasi katikati: alipima ukurasa wote kabla ya kuamua mti ukae wapi. Ukisikia kwamba Claude alikuwa mshairi wa mwanga, kumbuka na hiyo rula.

Halafu rula inafika mwisho wa uwezo wake, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Rudi kwenye dirisha. Mti wa mita 10 ulio kilomita 5 mbele yako unachukua milimita 1 juu ya kioo. Ukiusogeza mpaka kilomita 6, tofauti ni ndogo kuliko ncha ya kalamu. Kuanzia hapo ukubwa hauelezi tena chochote. Mlima ulio umbali wa kilomita 8 na ulio umbali wa kilomita 20 haiwezi kutofautishwa kwa mistari, hasa kwa vile mlima hauna kimo maalumu kama mlango au nguzo. Kazi inahamia kwenye rangi.

Hewa si tupu. Chembe zake hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Kwa hiyo kitu cheusi kilicho mbali, kama msitu mlimani, kinafunikwa na buluu ya hewa iliyo kati yake na wewe. Kitu chenye mwanga mkali, kama jua likiwa chini, kinapoteza buluu yake njiani na kutufikia kikiwa cha manjano au chekundu. Kanuni moja, matokeo mawili yanayopingana. Leonardo da Vinci aliyaandika mabadiliko ya rangi ya milima kwa kutazama tu. Maelezo ya kisayansi yalikuja karne ya 19 kwa kazi ya Lord Rayleigh. Claude aliyajua mabadiliko hayo kwa njia ileile ya Leonardo, ya kutazama. Joachim von Sandrart, mchoraji Mjerumani aliyekuwa rafiki yake Roma, alisimulia kwamba Claude alikuwa akilala kondeni tangu kabla ya alfajiri akiangalia rangi za anga, kisha anachanganya rangi zinazolingana na alizoziona na kurudi nazo nyumbani kwenye turubai.

Katika picha ya malkia makabidhiano hayo, kutoka rula kwenda rangi, yamefanyika kwa hatua nyingi, na sioni pengo. Nguzo za kushoto ndizo zenye giza kuliko vitu vyote. Pale weusi ni weusi kweli. Jumba la kulia limepauka kidogo. Mnara umepauka zaidi na kingo zake zimelegea. Merikebu za mbali ni kivuli cha kijivu chenye joto la manjano. Kwenye upeo, bahari na anga vinakaribia kuwa rangi moja. Vitu vya mwanzo katika mnyororo huo vimepimwa kwa rula, vya mwisho kwa rangi peke yake, na vile vya kati vimepimwa kwa zote mbili. Jicho likishaziamini ngazi, linaendelea kuamini hata pale ambapo hakuna tena kitu cha kuhesabu.

Sehemu dhaifu ni watu. Claude mwenyewe alilijua hilo. Mwandishi Filippo Baldinucci anasimulia kwamba alikuwa akisema anauza mandhari na watu anawatoa bure. Malkia wake ni mrefu na mwembamba kama mti wa bendera, na sijawahi kujali.

Sasa tutazame kutoka Gwarama, mkoani Kigoma. Huku nyanda za juu za Buha, mandhari ni vilima nyuma ya vilima mpaka Burundi, mashamba ya mihogo na maharage, migomba karibu na nyumba. Bahari haipo, wala ziwa halionekani, kwa hiyo hakuna anayekuchorea usawa wa macho. Kilima kinainuka juu ya jicho lako na kuuficha upeo wa kweli. Mgeni akiuliza njia anaambiwa "ni hapo tu", naye akitazama anaona kweli ni hapo tu, kisha anatembea saa nzima. Asidhani amedanganywa. Mvua ikishaosha hewa, kilima cha mbali kinabaki na kijani chake na kingo zake kali, na jicho ambalo halina nguzo ya kupimia linakileta karibu. Njoo Agosti, wakati wa kiangazi na moshi wa kuchoma mashamba: kilima kilekile kimefifia, kimekuwa cha kijivu, na sasa kinaonekana mbali kuliko kilivyo. Umbali wa ardhi haukubadilika.

Weka jengo moja kwenye mteremko ule, tuseme shule yenye bati jipya, na mambo yanatulia. Kila mtu anajua mlango una kimo gani. Migongo ya bati inakimbia kwa mistari inayokutana, madirisha yanapungua kwa mpangilio, na kilima kizima kinapata ukubwa wake kutokana na darasa moja. Barabara ya vumbi nayo inasaidia, na safu za mikaratusi zilizopandwa kwa kamba zinasaidia zaidi, kwa kuwa ni miti inayotenda kama nguzo. Anayechora vilima hivi bila hata paa moja anajinyima kipimo, na wengi hufanya hivyo wakidhani mandhari safi ni yale yasiyo na nyumba.

Kuna hatari upande wa pili, ya kuwa na majengo mengi mno. Andrea Pozzo, bruda wa Shirika la Yesu, alichora dari la kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma, akalimaliza mwaka 1694. Kuta za kweli zinaonekana zikiendelea juu kwa nguzo na matao ya rangi tupu mpaka anga linafunguka, na Bara la Afrika ni mojawapo ya mabara manne yaliyowekwa pembeni kama wanawake. Dari lile limepinda kama tao, kwa hiyo Pozzo alitumia wavu wa nyuzi uliotandazwa chini yake. Kutoka mahali pa jicho la mtazamaji, kila mkutano wa nyuzi ulipelekwa juu kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye dari, na mraba wa chini ukawa kipande kilichopinda cha juu. Ni kazi ya fundi mwashi hasa: uzi na subira. Sakafuni kuna alama inayoonyesha pa kusimama. Simama hapo, nguzo zote zimenyooka. Sogea hatua kadhaa, nguzo zinaanza kulala, jengo lote linaanguka juu yako.

Ila tazama kisichoanguka. Mawingu ya Pozzo hayaanguki. Malaika wanaoelea hawaanguki. Ukienda pembeni ya kanisa wanabaki walivyo, kwa sababu hakuna ajuaye wingu lilitakiwa kuwa na umbo gani. Kosa la pembe mraba jicho linaliona papo hapo; kosa la wingu halionekani. Ndiyo maana nasema jengo ni kipimo na papo hapo ni hatari, na asili ndiyo inayomsamehe mchoraji. Pozzo aliweka jengo kila mahali akalazimika kumpangia mtazamaji pa kusimama. Claude aliweka jengo pembeni, akaacha katikati yote kwa maji na anga, na unaweza kupita mbele ya picha yake kutoka kushoto hadi kulia bila chochote kuvunjika.

Zama hizohizo, pwani yetu ilikuwa na mistari ya aina hiyo kwa kazi nyingine. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilipangwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu wa ngome kutoka Milano. Maburuji yake yametokezwa kwa pembe ili aliye juu ya moja aone chini ya ukuta wa jingine: ni hesabu ya jicho na mstari ulionyooka, mzinga ukiwa mahali pa jicho. Ndani ya ngome hiyohiyo askari wa Kireno walichora ukutani, mwanzoni mwa karne ya 17, kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu, samaki. Kila kitu kimechorwa kivyake, bila jicho moja linaloviunganisha. Mtu anaweza kuzisoma kamba na milingoti ya merikebu zao vizuri kuliko katika merikebu za Claude, ambazo ziko nusu ndani ya ukungu. Askari wale walichora walichokijua. Claude alichora anachokiona kutoka mahali pamoja.

Kwa anayetaka kujaribu njia ya Claude mkoani kwetu, mahali ni Kigoma mjini. Bandari inatazama magharibi, jua linashuka upande wa maji, na kuna jengo la stesheni ya reli la wakati wa Wajerumani lenye matao ya kupigia mistari. Kiangazi ukungu mkavu unaificha milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na ziwa linapata upeo kama wa bahari. Mvua zikija milima inarudi na upeo unapotea, hapo itabidi uukisie kwa usawa wa jicho.

Tatizo ni muda. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima. Kutoka nyuzi 10 juu ya upeo mpaka kuzama ni kama dakika 40. Roma, usiku na mchana vinapolingana, mteremko huohuo unachukua kama dakika 55, na katikati ya kiangazi au majira ya baridi huzidi hapo. Mwanga wa manjano ambao Claude aliuhesabu kuwa wake, sisi tunapewa kwa kipimo kidogo. Kwa hiyo mistari ya matao, gati na meli ichorwe mchana au jana yake, upeo uwekwe, nguzo zigawanywe kwa rula nyumbani. Jioni uende na rangi peke yake, uanze na anga, kwa kuwa ndiyo inayobadilika haraka, kisha maji, kisha milima. Giza la mbele, kama lile la nguzo za kushoto za Claude, linaweza kusubiri hata wiki.